Laptopu: ninunue sasa au ningoje bajeti ya Juni?

JiraniWaLuanda
Hamjambo nyote. Nimeweka kando pesa za laptopu na wiki hii nilikuwa niende kuichukua. Sasa kuna jamaa hapa stegini ananishikilia shati, eti nisubiri bajeti ya serikali isomwe Juni, bei zitashuka. Mwingine anasema nikingoja nitalia. Nimeona mbili Kisumu, ThinkPad T480 na HP EliteBook 840 G3, zote mtumba wa Uingereza, zote prosesa i5, zote memori (RAM) GB 8. HP ni nafuu. Mnaonaje?

FundiSolda
Una pesa ngapi? Ni ya kazi gani? Unauliza uvae viatu gani na hujasema kama unaenda shambani au arusini.

MamaPacha_Naks
Fundi, mtu husalimiwa kwanza. Karibu jirani. Lakini ni kweli, taja bajeti. Na unamnunulia nani? Mimi niliuliza hivi hivi hapa mwaka jana, nikashauriwa vizuri sana, kisha mzee wa nyumba akaenda akanunua televisheni.

Otis_Kondele
HP hiyo wachana nayo omera. Muuzaji akikwambia "i5" hajakwambia kitu. Angalia nambari inayofuata baada ya kistari. 840 G3 huwa na i5-6300U, hiyo 6 ya mbele ndiyo kizazi. T480 huwa na i5-8250U au 8350U, kizazi cha 8. Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha 8, chini ya hapo Microsoft hawaitambui. Na Windows 10 waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana G3 zimejaa madukani kwa bei ya kutupa. Makampuni ya Ulaya yamezitoa ofisini, sasa zinatafuta mjinga.

Ngwini_Nyalenda
Mjinga ni yule anayetupa mashine nzima kwa sababu Microsoft amesema. G3 ukiiwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, inaruka. Ninayo, naifanyia kazi kutwa nzima, sijui virusi, sijui kulipia chochote. Na hata ukibaki na Windows 10, watu wa kawaida wakijisajili bado wanapewa viraka vya usalama hadi Oktoba 2026. Chukua G3, chenji nunua kiti kizuri.

Otis_Kondele
Nilijua utakuja. Mtu akiuliza bei ya omena hapa utamwambia aweke Linux.

JiraniWaLuanda
Samahani, mambo yalinizidi. Bajeti ni 35,000, nikijibana sana 40,000. Kazi ni saiba, duka la intaneti. Nimepata kibanda sokoni Luanda, karibu na barabara ya Busia. Huduma za serikali za eCitizen, ritani za kodi za KRA, maombi ya vyuo ya KUCCPS, mikopo ya wanafunzi ya Helb, kuchapisha, kutoa kopi. Printa ninayo tayari.

FundiSolda
Saiba! Na umekaa nayo kifuani muda huo wote. Basi laptopu ya nini? Kwa 40,000 unapata kompyuta mbili za mezani, zile ndogo za Dell OptiPlex, na skrini zake. Wateja wawili kwa mpigo. Kibodi ya laptopu ya saiba haimalizi mwaka. Watu wanaigonga kama wanatwanga mahindi, na mtoto wa mteja anamwagia soda. Kibodi ya mezani ikifa unanunua nyingine sokoni bila hata kuvua kofia.

MamaPacha_Naks
Fundi, stima. Nina duka la M-Pesa na kopi huku Free Area na tuko mjini, bado stima hupotea katikati ya fomu. Mteja amejaza kurasa zote, amebakisha kubofya "tuma", giza. Laptopu inaendelea, unawasha data ya simu, unamaliza, unalipwa. Ya mezani inazima na mteja anarudi nyumbani akikutaja vibaya.

FundiSolda
UPS ya kushikilia stima ipo.

MamaPacha_Naks
UPS ya bei gani, ya kukaa dakika ngapi? Ile ya bei rahisi inakupa muda wa kusema "subiri kidogo" tu.

MzeeWaBei
Mmeacha swali. Kijana ameuliza angoje au asingoje. Jibu langu ni angoje. Vitu vya kompyuta hushuka bei kila mwaka, hiyo ni kanuni tangu enzi za Pentium. Bajeti ikisomwa Juni, mabadiliko mengi ya kodi huanza tarehe 1 Julai. Kodi ya VAT ni 16 kwa mia; wakigusa hapo kidogo tu umeokoa elfu kadhaa. Na shilingi imetulia. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika 160, sasa ni 129 hivi. Haraka ya nini?

Otis_Kondele
Mzee, shikamoo. Lini bajeti ya Kenya iliwahi kushusha VAT ya laptopu? Mwaka wa 2024 mswada wa fedha wenyewe uliondolewa baada ya maandamano, watu waliokuwa wanangoja bei wakabaki wanangoja. Na ukiangalia kalenda, mwisho wa ritani za KRA ni tarehe 30 Juni. Huo ndio msimu wa saiba. Mwezi wa sita mwishoni foleni inafika barabarani, kila mtu amekumbuka PIN yake siku hiyo hiyo. Yeye afungue Julai apate nini? Buibui?

MzeeWaBei
Ritani zipo kila mwaka.

FundiSolda
Mzee wangu, kwa heshima, ile kanuni ya kushuka bei mwaka huu haifanyi kazi. Tatizo ni RAM. Karibu RAM zote za dunia zinatoka kwa kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na zote zimegeuza viwanda kutengeneza memori za zile seva za akili bandia kwa sababu huko ndiko kwenye faida. Desemba 2025 Micron walitangaza kwamba wanaacha kabisa kuuzia watu wa kawaida RAM za Crucial. DDR4, aina ya RAM ambayo ndiyo inaingia kwenye T480, nayo wanapunguza kuitengeneza. Mimi ninanunua vipande hivi kila wiki. RAM ya 8 niliyokuwa nikimwekea mteja bila kufikiria, siku hizi nampigia simu kwanza, asije akadhani nimemwibia. Kwa hiyo ukinunua, nunua iliyo na RAM 16 ndani tayari. Usiseme "nitaongeza baadaye".

Ngwini_Nyalenda
Sababu nyingine ya kutumia Linux, inakula RAM kidogo.

Mulembe_Kakamega
Mulembe nyote. Kabla hajatoa pesa nataka asikie yangu, na ninawaomba radhi ni ndefu.

Nilinunua laptopu ya mtumba, ghorofani kwenye jengo moja karibu na stegi, mji sitautaja. Safi kabisa. Chini ilikuwa na karatasi ya nambari za kampuni ya kule ilikotoka, imebanduliwa nusu, sikuijali. Windows 11 imewekwa, inafungua haraka, chaja yake ya pini tatu inaingia ukutani kwetu bila adapta. Nikaishi nayo vizuri muda mrefu.

Basi ikaanza kuwa nzito, rafiki akaniambia niifute yote ianze upya. Nikaifuta jioni. Ikawaka, nikachagua nchi, nikachagua kibodi, nikaiunganisha na WiFi. Mara skrini ikaandika karibu, na chini yake jina la kampuni moja ya Uingereza, na kisanduku: ingiza barua pepe yako ya kazi. Yangu ikakataa. Nikazima, nikawasha, jina lile lile. Nikafuta tena, jina lile lile. Mke wangu akauliza, "Kwani umeajiriwa?"

Nikarudi kwa muuzaji. Akasema hiyo ni kitu kidogo, niache mashine. Akairudisha ikiwa inafanya kazi, ila akanionya nisije nikaifuta tena na intaneti ikiwa imewashwa. Yaani hakutibu ugonjwa, ameuficha. Fundi mwingine ndiye aliyenieleza kwamba kampuni ikinunua laptopu inazisajili kwa Microsoft, na usajili hauko kwenye diski, uko kule kwao. Ukibadilisha hata diski yenyewe, jina linarudi. Wa kuiondoa ni kampuni yenyewe tu, na wao waliikabidhi kwa mnunuzi wa jumla bila kuiondoa. Niliandika barua pepe huko Uingereza. Sikujibiwa. Niliporudi mara ya pili mlango ule ulikuwa unauza nywele.

Kwa hiyo jirani, ukifika dukani mwambie muuzaji aifute mbele yako, aiunganishe na intaneti ya simu yako, mkae hadi ifike mwisho. Akianza kusema mtandao uko chini, inuka. Na ingia BIOS pia, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows. ThinkPad unabonyeza F1, HP F10, Dell F2, mara tu inapowaka. Ikikuuliza nenosiri ambalo muuzaji hana, hiyo ina mwenyewe.

MamaPacha_Naks
Pole sana Mulembe. Hapo kwa "umeajiriwa" nimecheka, nisamehe.

FundiSolda
Kila neno la Mulembe ni kweli, naletewa hizo. Ongeza betri. Fungua ule ukurasa mweusi wa amri uandike powercfg /batteryreport, itakutolea ripoti yenye uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake leo. Ikiwa chini ya nusu, kata bei. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma ambayo unaitelezesha vibanio inatoka. Wauzaji wengine wanakuwekea ile ya nyuma nyembamba wanabaki na nene ya seli 6. Shika, pima kwa mkono. Na chomeka chaja uitikise kidogo. Tundu la chaja la Type-C kwenye T480 limekaa juu ya bodi kuu, likilegea ni solda, utanitajirisha.

Otis_Kondele
Aende tu Nairobi, barabara ya Luthuli. Bei ya Kisumu ni ya Luthuli na nauli ya muuzaji juu yake.

Mulembe_Kakamega
Na ikiharibika arudi Luthuli na basi la usiku? Kisumu ni hapo tu, anapanda matatu asubuhi, saa nne ashamgombeza mtu.

Otis_Kondele
Wewe uligombeza nywele.

MamaPacha_Naks
😂😂 Otis! Nakuru pia tuna maduka mazuri kuanzia Kenyatta Avenue, ni katikati ya njia.

JiraniWaLuanda
Asanteni sana, hasa Mulembe. Nimeanza kuegemea T480. Muuzaji ameniambia 33,000 na RAM 8, nikimwomba 16 anasema 39,000. Swali la mwisho: itaweza AutoCAD, programu ya michoro ya uhandisi? Dada yangu mdogo anatarajia kujiunga na chuo kikuu cha MMUST Septemba, uhandisi wa ujenzi, na tumekubaliana nyumbani tutumie moja, mimi mchana, yeye jioni na wikendi.

FundiSolda
Septemba. AutoCAD. Uhandisi. Haya yote ulikuwa unangoja tufike wapi ndiyo utwambie?

Ngwini_Nyalenda
AutoCAD haiko Linux. Sijasema kitu. Kuna FreeCAD ya bure lakini.

Otis_Kondele
Mwalimu akitaka faili ya AutoCAD atampelekea FreeCAD?

MamaPacha_Naks
Jirani, kaka yangu, haitawezekana. MMUST iko Kakamega na wewe uko Luanda. Jioni gani hiyo? Laptopu itakuwa inapanda matatu kila siku peke yake?

JiraniWaLuanda
Tulifikiri atakuwa anakuja wikendi.

Mulembe_Kakamega
Mwaka wa kwanza hawachori sana kwa kompyuta, ni hesabu na fizikia. Hapo ana nafasi. Nunua ya saiba sasa, ya dada ijilipe kwa ritani za Juni.

MzeeWaBei
Au ngoja Septemba ununue moja nzuri mpya, yenye waranti. Nawaambia tu.

FundiSolda
Mpya kwa 40,000 ni zile za prosesa dhaifu ya Celeron na RAM 4 iliyogandishwa kwenye bodi. AutoCAD humo itafunguka akishahitimu. Kama ni ya dada pia, T480 yenye 16, basta. Kama ni ya saiba peke yake, bado nasema OptiPlex, na Mama Pacha asinijibu.

MamaPacha_Naks
Stima.

Otis_Kondele
Jirani, mimi nina T480 yangu ninaiuza, RAM 16, betri zote mbili. Nataka kuhamia MacBook. 36,000.

FundiSolda
Ndiyo maana tangu asubuhi unaitukana G3.

Otis_Kondele
Niliitukana kwa haki! Aje Kondele aione, aifute mbele yangu, aunganishe intaneti yake, aingie BIOS, atikise chaja. Mulembe aje pia.

Mulembe_Kakamega
Nitakuja. Nauli nani?

JiraniWaLuanda
Nitapita Jumamosi, nikitoka kulipia kibanda. Nikiipenda nitaongea na nyumbani kwanza, kwa sababu mama ndiye anashika pesa na yeye alikuwa anasema tununue photocopier.

FundiSolda
Mama ana akili kuliko sisi sote. Kopi za vitambulisho peke yake…

MamaPacha_Naks
Lakini printa anayo tayari, inatoa kopi, amesema hapo juu.

FundiSolda
Printa ya wino au ya tona?

MzeeWaBei
Kijana, hiyo saiba ikifunguliwa itakuwa upande gani wa soko? Mimi hupita Luanda nikienda Busia na sijafanya ritani zangu tangu nistaafu.