Godauni la fremu za chuma limeungua kona moja, nguzo bado zimesimama: zinafaa kubeba paa jipya?

MsimamiziVingunguti
Wakuu, habari za kazi. Godauni liko Vingunguti, Dar: fremu 6 za chuma, upana m 18, nguzo za m 6, nguzo na rafta (boriti za juu zinazobeba paa) zote IPE 300, yaani chuma cha umbo la I chenye kimo cha mm 300. Ndani kulikuwa na mabomba ya PVC. Moto umekula kona moja kwa zaidi ya nusu saa kabla Zimamoto hawajaudhibiti. Rafta moja imelala kama machela na palini zake (vyuma vyembamba vinavyoshika mabati) zimejikunja. Nguzo mbili za hapo zimejaa masizi na rangi imebabuka, ila kwa macho zimenyooka. Fundi anasema zisuguliwe, zipigwe rangi, mabati yarudi. Mwenye mali naye ana haraka. Je, chuma kilichopita motoni kinabaki na nguvu kiasi gani, na nitapimaje bila kubomoa kila kitu?

Mnepo_355
Mkuu, usichanganye nguvu ya chuma kikiwa motoni na nguvu yake kikishapoa. Ni hesabu mbili tofauti.

Kikiwa motoni, jedwali la Eurocode 3 (EN 1993-1-2), kanuni za Ulaya za majengo ya chuma, linasema hadi nyuzi 400 uwezo wa kuhimili mkazo bado uko kamili. Nyuzi 500 inabaki 78%, 600 inabaki 47%, 700 inabaki 23%. Ukakamavu, yaani uwezo wa kutopinda, unaanza kushuka mapema zaidi, kuanzia nyuzi 100, na kwenye 600 umebaki 31% tu. Ndiyo maana rafta hulala. Watu husema "chuma kiliyeyuka", lakini chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500, na moto wa godauni haufiki huko. Kwenye mkunjo wa majaribio wa ISO 834, dakika 30 za moto ni nyuzi 842 hewani, na IPE nyembamba isiyo na kinga haichukui muda kuifuata.

Kikishapoa, chuma cha kawaida cha ujenzi kilichoviringishwa moto, cha daraja la S275 au S355, ambacho hakikuvuka nyuzi 600 hivi, hurudisha karibu nguvu yake yote. Kikivuka 700 na kitu, muundo wake wa ndani hubadilika na kinaweza kupungukiwa kidogo, mara nyingi kama asilimia 10. Kwa hiyo nguzo iliyobaki imenyooka kweli huwa inafaa. Neno ni "kweli", na macho hayatoshi. Shusha timazi pande zote mbili za nguzo: kwenye m 6, kuinama zaidi ya mm 20 (H/300) kunahitaji maelezo. Kisha vuta uzi kutoka kitako hadi kichwa. Mpindo ukizidi mm 6 (L/1000), umevuka ule ambao hesabu za mnepo wa nguzo (kupinda ubavu ikibebeshwa mzigo) zimeuruhusu tangu mwanzo. Hapo nguzo irudi mezani kwa mhandisi, si kwa mpiga rangi.

BoltiM20
Naongezea palipo na hatari kubwa zaidi: maungio. Bolti za 8.8 (daraja la bolti zenye nguvu kubwa) hupata nguvu kwa kupozwa ghafla kiwandani, kisha kupashwa tena kwa nyuzi 425 au zaidi. Moto ukipita joto lile zililopashiwa, nguvu ile inatoka na hairudi zikipoa. Chuma cha rafta kinajirudi, bolti hazijirudi. Hata motoni zinatangulia kuchoka: nyuzi 600 bolti imebaki na 22%, wakati rafta yenyewe ina 47%.

Usiishie kwenye kona iliyoungua. Boriti inayofunga nguzo kwa urefu wa jengo, tuseme m 6, ikipashwa nyuzi 500 inataka kurefuka zaidi ya mm 40. Imebanwa huku na huku, basi inajikandamiza mpaka inafupika kabisa. Ikipoa ni fupi kuliko nafasi yake, inaanza kuvuta. Ndipo weldi za endi-pleti (bamba la mwisho wa boriti linalofungwa bolti) zinapochanika na bolti kukatika, wakati moto umeshazimwa na watu wanapeana mikono. Majaribio ya jengo la ghorofa nane la fremu za chuma kule Cardington, Uingereza, katikati ya miaka ya 1990 yalionyesha hivyohivyo: boriti zilipita nyuzi 800 jengo likasimama, lakini endi-pleti kadhaa zikapasuka wakati wa kupoa. Kagua maungio ya fremu ya jirani ambayo haina hata masizi.

MsimamiziVingunguti
Asante wakuu. Sasa nitajuaje joto lilifika ngapi sehemu fulani? Na huyu fundi anaweza kuinyoosha ile rafta kwa gesi na nyundo?

Mnepo_355
Soma mabaki kabla hayajafagiliwa. Zinki huyeyuka nyuzi 419, kwa hiyo bolti iliyopakwa zinki ikaipoteza ni ya kutupa bila mjadala. Fremu ya dirisha ya aluminiamu iliyotiririka: 660. Waya wa shaba uliofanya tone: 1,083. Zege la kitako likigeuka rangi ya waridi, lilipita nyuzi 300 hivi. Piga picha, andika kwenye mchoro kila kitu kilikuwa wapi na kimo gani, kwa sababu juu karibu na mabati na chini sakafuni ni dunia mbili.

Rafta hiyo msiinyooshe. Mpindo mdogo hunyooshwa kwa joto lisilozidi nyuzi 650, ila iliyolala hivyo itakula gesi na muda kuliko kununua nyingine. Ina faida moja lakini: kata vipande vya majaribio hapohapo palipolala, vipelekwe maabara vikavutwe. S275 inatakiwa ifikishe angalau N/mm² 410 kabla ya kukatika. Ikiwa sehemu iliyopigwa zaidi na moto imefaulu, nguzo zake haziwezi kuwa mbaya kuliko hiyo. Kifaa cha kupima ugumu kitumie kulinganisha tu, nguzo iliyoungua na isiyoungua, flenji (bawa la juu au chini la umbo la I) kwa flenji, maana kwenye chuma cha mm 10 usomaji wake huyumba.

Palini za umbo la Z ni habari nyingine. Zimekunjwa baridi, na nguvu iliyopatikana kwa kukunjwa huondoka na moto. Za sehemu iliyoungua zote zitoke, hata zilizonyooka.

KambaNaJeki
Zitoke, ila si kesho asubuhi. Palini ndizo zinazozuia rafta isigeuke ubavu. Fundi akizing'oa zote kwanza ili "kupata nafasi", fremu inabaki kusimama kwa hisani ya upepo, na upepo wa kusi hauna hisani. Funga kwanza bresing (vyuma vya mshazari vya kuzuia kuyumba) za muda kati ya fremu tatu, egemeza rafta iliyolala kwa jeki na nguzo za muda pande zote mbili za utakapokata, kisha toa palini mojamoja huku mkianza katikati. Rafta inayoning'inia inavuta vichwa vya nguzo kwa ndani. Ukiikata bila kuegemeza vinaruka. Bolti nazo badilisha mojamoja, mpya ikazwe kabla ya kugusa nyingine.

Na hizo PVC: moshi wake una asidi ya haidrokloriki. Kwa unyevunyevu wa Dar, masizi hayo yanaanza kula chuma ndani ya siku chache, hata upande ambao moto haukufika. Osha kwa maji baridi mengi yenye sabuni isiyo na asidi, suuza, kisha dondoshea mmumunyo wa nitrati ya fedha kwenye maji ya mwisho. Yakigeuka meupe kama maziwa, kloridi bado ipo, osha tena. Rangi ikipakwa juu yake itavimba malengelenge kabla ya mvua za vuli kuisha.

MsimamiziVingunguti
Kloridi sikuwaza kabisa. Tukirudisha, rangi ya kuzuia moto dukani ni yoyote tu?

BoltiM20
Hapana. Ile inayovimba ikipata joto hununuliwa kwa unene wa filamu kavu, na unene unatokana na uso unaopata moto ukigawanywa kwa eneo la mkato. IPE 300 pande zote nne ni 216 kwa mita. HEB 300, umbo la I lenye flenji pana na kimo kilekile, ni 116. Hiyo IPE inapata joto upesi zaidi, kwa hiyo inataka tabaka nene zaidi kwa dakika zilezile. Mwambie muuzaji namba hiyo na dakika unazotaka, akupe jedwali la mtengenezaji. Akikujibu kwa ndoo ngapi bila kukuuliza umbo la chuma, toka. Kagua pia kwamba primu (rangi ya kwanza) iliyopo chini inakubaliwa na rangi hiyo, na pima filamu kwa geji ikikauka, hasa ndani ya pembe za flenji ambako brashi hupita juujuu.