Kikundi cha Ukoo wa Bugembe: Jibini la Wageni wa Shamim

IJUMAA

Senga Rehema, saa 1:12 usiku
Asalaam aleikum nyote. Kama mnavyojua, wageni wa Shamim kutoka Iganga watafika kwa Jaja Jumapili saa nane mchana, na lile jibini ambalo Idi alimkabidhi msafiri atuletee kutoka Uholanzi limefika salama, duara zima la kilo 4.5. Naomba tukubaliane usiku huu litaliwa na nini na kuteremshwa na kinywaji gani, kwa sababu kila mtu akija na alichonacho tutaaibika mbele ya watu.

Senga Rehema, saa 1:40 usiku
Naona waliosoma ni 19. Ninahitaji majibu, si vidole gumba.

Musa, saa 1:44 usiku
Senga, mimi ninajitolea kulionja lote ili wageni wasidhurike.

Senga Rehema, saa 1:51 usiku
Musa, mzaha uweke kando. Jibini hili ni Gouda changa, lililokaa wiki chache tu, na ladha yake ni ya upole: linakaribia maziwa mazito yenye chumvi kidogo na utamu wa mbali. Ukiliweka karibu na chakula chenye nguvu, linamezwa. Jana usiku nilikata vipande sita vyembamba nikavila kimoja kimoja, kila kimoja na kitu chake, na ninawaeleza nilichokiona. Kwa pilau sikulisikia kabisa. Ilikuwa kama nimetafuna wali wenye mafuta zaidi. Kwa papai lilikuwa laini juu ya laini, mdomo hauna pa kushika. Kwa asali lilikubali, ila asali ikizidi tone moja inageuka kuwa peremende. Haradali kidogo ililiamsha, na nasikia Waholanzi wenyewe hula vipande vya jibini changa hivyo hivyo. Kwa nanasi ndipo nilipokaa kitako, kwa kuwa ule ukali unakata mafuta na ulimi unabaki safi ukitaka kipande kingine.

Senga Rehema, saa 1:58 usiku
La sita nilisahau kulisema, nalo ndilo bora. Nilichukua gonja iliyotoka mkaani, nikaipasua katikati, nikalaza kipande cha jibini ndani. Kingo zilianza kung'aa, kisha zikalegea, na kabla sijahesabu kumi jibini lilikuwa limeingia kwenye nyuzi za ndizi pale palipoungua kidogo. Sijui niseme nini zaidi.

Mama Nuru, saa 2:20 usiku
Mimi nauliza tu. Upande wa Mbarara kuna watu wanaotengeneza Gouda kwa maziwa ya ng'ombe wetu, sasa kwa nini tubebe jibini kwenye ndege kana kwamba Uganda haina maziwa?

Musa, saa 2:22 usiku
Ng'ombe wa Ankole ana pembe ndefu, Mama Nuru. Asingeingia kwenye mkoba wa msafiri.

Senga Rehema, saa 2:25 usiku
Tusitoke kwenye jambo. Daudi, jibini liko kwako tangu asubuhi kwa kuwa kwetu umeme ulikatika. Jumapili ulitoe kwenye friji saa moja kabla ya wageni kuketi, maana jibini la upole likiwa baridi halina ladha yoyote, mtu atadhani anatafuna mshumaa.

Daudi, saa 2:49 usiku
Nimepokea, Senga. Hata hivyo, naomba ibaki kwenye maandishi ya kikundi hiki kwamba nimelikuta limekwishakatwa upande mmoja. Sitaki yale ya maini yajirudie.

Senga Rehema, saa 2:50 usiku
Mambo ya maini tuliyamaliza mbele ya Jaja.

Daudi, saa 2:53 usiku
Mliyamaliza ninyi. Mimi ndiye niliyelipa shilingi 60,000 kwa sababu friji ilikuwa yangu, na mpaka leo hakuna aliyeniambia ni nani aliyeifungua na kuiacha wazi.

Mama Nuru, saa 2:54 usiku
Daudi, mwanangu, si leo.

Shemeji Petero, saa 3:15 usiku
Habari za jioni, wapendwa. Mimi ni mkwe tu, lakini ninavyofahamu, jibini huenda na divai nyekundu. Ninaweza kuleta chupa mbili, na kwa wazee wa kiume kidogo cha waragi.

Senga Rehema, saa 3:31 usiku
Shemeji, asante kwa moyo wako. Nimefanya kazi katika jiko la hoteli miaka 11, na hata tukiliacha suala la dini, divai nyekundu kavu ina ule ukakasi unaokausha ulimi kama chai iliyochemka mno, na jibini changa haliwezi kuubeba. Hapo wataalamu hupendelea divai nyeupe nyepesi yenye uchachu kidogo. Waragi ndiyo usiiguse kabisa, itauchoma mdomo na jibini litapita bila kujulikana. Kwa meza yetu uchachu huo huo tutaupata kwenye juisi ya pasheni isiyotiwa sukari nyingi.

Zaituni, saa 3:40 usiku
Na chai ya maziwa je? Jaja hawezi kupokea wageni bila chai ya maziwa.

Senga Rehema, saa 3:46 usiku
Chai ya maziwa itakuwepo, ila isiletwe pamoja na jibini, kwa sababu ni maziwa juu ya maziwa na tangawizi inatawala. Pamoja na jibini tutatoa chai ya rangi yenye mchaichai, na kwa anayetaka, kahawa ya Bugisu isiyo kali sana. Omubisi, ile juisi ya ndizi, ni mtamu kupita kiasi, nimeujaribu akilini na nimeukataa. Bushera, kile kinywaji cha nafaka, ni nzito, inashibisha kabla ya chakula. Zaituni, wewe lete mananasi matano. Musa, gonja 30 zilizoiva lakini zisizolegea. Nani ataleta mkaa?

Senga Rehema, saa 4:30 usiku
Nimeuliza nani ataleta mkaa.

JUMAMOSI

Jaja Hajati, saa 12:20 asubuhi
Asalaam aleikum wanangu na wajukuu. Nuru amenisomea yote mliyoandika tangu jana, na ananiandikia haya ninayosema. Divai na waragi havivuki mlango wangu, na Petero asikasirike, kwa maana anajua ninampenda. La pili, maziwa hayagandi yenyewe. Marehemu babu yenu alifanya kazi kwa Mzungu mmoja aliyekuwa na ng'ombe, na alinieleza kwamba jibini huganda kwa kitu kinachotolewa kwenye tumbo la ndama. Ninauliza: ndama huyo alichinjwa na nani? Mpaka nijibiwe, jibini hilo lisikatwe ndani ya nyumba yangu.

Mama Nuru, saa 1:05 asubuhi
Tumesikia, Jaja.

Daudi, saa 1:30 asubuhi
Tumesikia, Jaja. Kwangu halijakatwa zaidi.

Musa, saa 1:33 asubuhi
Senga Rehema, vile vipande sita vilikuwa vitamu?

Senga Rehema, saa 2:10 asubuhi
Jaja, nisamehe, sikufikiri. Idi, tafadhali jibu haraka.

Idi, saa 5:48 asubuhi
Asalaam aleikum, Jaja na nyote. Niwieni radhi, nilikuwa zamu ya usiku. Jaja amesema kweli: kwa desturi, kimeng'enya cha kugandisha maziwa hutoka kwenye tumbo la nne la ndama anyonyaye. Lakini siku hizi kuna viwanda vingi vinavyotumia kimeng'enya kinachotokana na kuvu, kisichohusiana na mnyama yeyote. Utamu alioupata Senga hautokani na hicho bali na kuoshwa: maziwa yakiganda na kukatwakatwa, huondoa sehemu ya maji yake na kutia maji ya moto, hivyo sukari ya maziwa inapungua na jibini halichachuki. Kuhusu hili letu, sikusoma nilipolinunua. Kwenye karatasi ya juu tafuteni neno "stremsel", yaani kimeng'enya hicho kwa Kiholanzi. Likitanguliwa na "microbieel", ni la kuvu.

Senga Rehema, saa 5:50 asubuhi
Daudi, piga picha ya karatasi hiyo sasa hivi.

Daudi, saa 6:35 mchana
[Picha]
Nimepiga. Linasomeka "Gouda", linasomeka "jong", na chini kuna mistari ya maelezo ambayo inaishia pale jibini lilipokatwa. Maneno mengine yaliondoka na vipande sita. Ndiyo maana niliomba ibaki kwenye maandishi.

Musa, saa 6:37 mchana
Basi jibu limo tumboni mwa Senga.

Mama Nuru, saa 6:38 mchana
Musa!

Senga Rehema, saa 6:52 mchana
Ganda lile la njano pamoja na karatasi nililitupa kwenye ndoo ya jikoni, na ndoo ilimwagwa jana asubuhi. Idi, rudi kwenye duka ulikolinunua ukaulize.

Idi, saa 7:15 mchana
Nitapita kabla ya zamu, Senga, labda mnamo saa kumi na moja kwa saa za huko.

Jaja Hajati, saa 7:40 mchana
Ninangoja. Nanasi na gonja hazina tumbo la ndama, hizo ziletwe.

Senga Rehema, saa 7:44 mchana
Mmemsikia Jaja. Zaituni na Musa, endeleeni kama tulivyopanga, pasheni nitanunua mimi, na jibini libaki kwa Daudi mpaka Idi ajibu. Bado hakuna aliyesema ataleta mkaa.

Zaituni, saa 9:20 mchana
Senga, mananasi ulisema matano au manane?