Disemba 9: gwaride liwepo au hela zijenge mabweni?

Mkomavu: Wakuu, 2022 Rais Samia alifuta sherehe za Disemba 9, milioni 960 zikaenda kujenga mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu kwenye shule nane. Magufuli naye 2015 alifuta tukashika mafagio. Iwe hivyo kila mwaka, uhuru wa Tanzania hauhitaji gwaride.

Mama Junia: Uhuru wa Tanzania upi? 1961 Tanzania ilikuwepo wapi? Mwanangu wa darasa la tano kaandika "Tanganyika" kwenye daftari, kakatwa kwa wino mwekundu, juu yake mwalimu kaandika "Tanzania Bara". Nimelishika lile daftari mkono unanitetemeka. Bendera aliyopandisha Luteni Nyirenda kule Kilimanjaro ilikuwa ya Tanganyika!

Kijiti: Mama punguza jazba, jina tu hilo. Halafu Nyirenda si alipanda 62, siku ya Jamhuri?

Mama Junia: 61 kaka! 62 ndo Nyerere kawa Rais, 61 alikuwa Waziri Mkuu, mkuu wa nchi bado Malkia wa Uingereza. Ndo maana inaitwa Uhuru na Jamhuri. Na hiyo "jina tu" usiniambie, lako likifutwa utakaa kimya?

Mtu wa Ng'ambo: Nyie mnalilia jina, sie Zanzibar imefutwa siku nzima. Disemba 10, 1963 Mwingereza katoka, Shamte Waziri Mkuu, mwezi huohuo tukaingia Umoja wa Mataifa. Leo nani anaitaja?

Kijiti: Uhuru gani huo na Sultani kakaa pale pale? Uhuru wetu ni Januari 12, Mapinduzi ya 1964.

Mtu wa Ng'ambo: Wetu? Wewe na Januari 12 wapi na wapi, umeisoma kwenye kalenda ya ukutani!

Kijiti: Baba yangu kazaliwa Wete, Pemba, na bibi yangu kazikwa huko huko, usinipangie kwetu. Futa hiyo kauli.

Mkomavu: Mabweni jamani.

Mzee wa Ilala: Mimi usiku ule wa 1961 nilikuwa na miaka sita, baba kanibeba mabegani kiwanjani hapa Dar. Saa sita taa zikazimwa zote, giza tupu, nikamshika baba masikio. Zilipowaka bendera ya Mwingereza haipo, watu wanalia na kucheka kwa pamoja, na jina lililotajwa ni Tanganyika.

Mama Junia: Shikamoo mzee. Kesho naenda na daftari shuleni, mwanangu hajapewa vema yake sitoki.

Mtu wa Ng'ambo: Ukifika dada, muulize huyo mwalimu na Disemba 10.