Vijana wapya wagombee namba tangu siku ya kwanza, au wakae benchi kwanza?

Mwalimu_Uyole:
Wakuu, habari za jioni. Timu yetu iko ligi ya mkoa hapa Mbeya. Msimu ujao tumesajili vijana watano: wawili kutoka timu ya vijana, mmoja alionekana UMISSETA (michezo ya shule za sekondari), wawili tumewatoa Tanga, na mmoja wa hao wa Tanga ni kipa. Kamati imegawanyika. Wapo wanaosema kijana akisajiliwa amekuja kugombea namba, aanze siku hiyohiyo. Wengine wanataka wakae benchi mzunguko wote wa kwanza wajifunze. Tuna wiki sita za maandalizi na mechi nne za kirafiki. Mnalipangaje hili?

Namba_Sita:
Wagombee, ila siyo wiki ya kwanza, na siyo kwa mtindo tuliozoea.

Kosa kubwa ninaloliona viwanja vya huku ni la vizibao. Mwalimu anagawa timu mbili: wakongwe kumi na mmoja upande huu, wageni wote wamevaa vizibao upande ule. Wageni wanafungwa tano, jioni kamati inaambiwa "vijana bado". Ulichopima hapo ni mazoea tu. Beki wa kulia mgeni amechezeshwa na beki wa kati mgeni na kiungo mgeni, nani amwambie apande au abaki?

Mchanganye. Kijana wa namba mbili, yaani beki wa kulia, mweke pembeni ya beki wako wa kati mkongwe dakika 25, kisha mbadilishe na yule anayegombea naye, watu wengine wote wabaki palepale. Sasa unalinganisha wawili kwenye mazingira yaleyale. Mtu mmoja akae na daftari aandike vitu vitatu tu: mara ngapi amepoteza mpira nusu yetu, yeye yuko wapi wakati beki wa kushoto anapopanda, na anachukua muda gani kurudi baada ya kupoteza. Chenga haziandikwi. Chenga zitaandikwa na mashabiki.

Wale wa Tanga wape siku kumi hadi kumi na nne kabla ya kuwahukumu. Wametoka usawa wa bahari, Mbeya ni takribani mita 1,700. Mbio moja anaimudu vizuri, shida ni ya pili na ya tatu, kwa sababu hajamaliza kuhema. Ukimpima siku ya tatu utamwita mvivu.

Dada_Bandeji:
Mwalimu, mimi niko upande wa matibabu. Kijana anayegombea namba haumwi. Yaani anaumwa, ila hasemi, kwa kuwa anajua akikaa nje siku mbili nafasi imekwenda. Hilo lipange kabla hujatangaza ushindani wowote.

Uliza kwanza alikuwa anafanya mazoezi siku ngapi kwa wiki. Kama ni tatu, usimrushe hadi sita. Tatu, halafu nne, halafu tano, ukiongeza siku moja kila wiki. Ukimrusha, cha kwanza kulalamika ni ugoko. Pitisha kidole kwenye mfupa: maumivu yakitapakaa urefu wa mfupa, punguza mbio na viwanja vigumu. Yakiwa sehemu moja ndogo kama ncha ya kidole, akibonyezwa anaruka, msimamishe na mpeleke hospitali, mfupa unaweza kuwa umeanza kupata ufa.

Baridi nayo isisahaulike. Asubuhi za Juni na Julai kupasha mwili kwa dakika kumi hakutoshi, fanya ishirini, na mbio za kasi ziwe mwishoni. Msuli wa nyuma ya paja hauna urafiki na haraka.

Mtani_wa_Kihesa:
Kamwene mwalimu. Nakubaliana na Namba Sita nusu. Winga au beki wa pembeni anaweza kuanza mechi ya kwanza, akikosea kuna mtu nyuma yake. Beki wa kati na namba sita (kiungo mkabaji) hapana, hao wanatakiwa kuwapanga wengine, na kijana mgeni hata majina ya utani ya wenzake hajayashika.

Wamarekani kwenye mpira wao wa miguu na mikono wanabishana hivihivi kila mwaka, maana kule wachezaji wapya huchaguliwa kwa zamu na timu. Mwaka 2012 Seattle walimchukua Russell Wilson raundi ya tatu, akamshinda kwenye maandalizi Matt Flynn aliyesajiliwa mwaka huohuo, akaanza. Mwaka 2017 Kansas City walimchukua Patrick Mahomes akiwa wa 10 kuchaguliwa, akakaa karibu msimu mzima nyuma ya Alex Smith. Wote wawili walikuja kuwa mabingwa. Kwa hiyo anayesema kuna njia moja anakisia.

Na mtu asituletee Tukuyu Stars kuchukua ubingwa wa ligi kuu 1986 au Mbeya City kushika nafasi ya tatu 2013/14. Hapo timu nzima ilipanda ligi, siyo kijana mmoja kuchomekwa katikati ya wakongwe.

Jambo moja mnalolisahau: mkongwe aambiwe mapema, uso kwa uso, kwamba namba yake iko wazi hadi mechi ya tatu ya kirafiki. Asipoambiwa hatagombana, atamnyima tu kijana pasi. Na kama kanuni za mashindano yenu zinaruhusu mabadiliko matano, mwingize kijana dakika ya 60, siyo ya 85. Dakika tano hazipimi mtu.

Mwalimu_Uyole:
Asanteni sana. Na yule kipa?

Namba_Sita:
Kipa asigombee mwezi wa kwanza wa maandalizi. Hewa ya huku ni nyepesi, mpira mrefu unakwenda mbali na unafika mapema kuliko alivyozoea Tanga. Atatoka langoni kufuata krosi, atakuta imeshapita juu ya mikono. Mpigie krosi thelathini kila siku, kumi kila upande na kumi za katikati kutoka mbali, bila washambuliaji kwanza. Akiacha kurudi nyuma hatua moja kila mpira unapopigwa, mweke kwenye ushindani.