Farasi wa masafa marefu: tununue nasaba au tununue miguu?

Mleta mada
Assalamu alaykum wadau. Nipo Oman, natunza farasi kwa bwana mmoja aliyeingiwa na hamu ya mbio za kilomita 120. Anataka jike la Kiarabu, na wameletwa wawili. Wa kwanza ana karatasi za kutisha: upande wa baba anafika mpaka kwa Persik, yule dume aliyezaliwa Tersk, Urusi, mwaka 1969, akapelekwa Ufaransa, na uzao wake ukatapakaa kwenye mbio ndefu. Wa pili hajulikani ukoo wake nje ya kijiji alikotoka, ila ana miaka tisa na amemaliza mbio nne za kilomita 80 bila kuchechemea. Bei ya wa kwanza ni mara tatu. Mimi nasema nasaba ni maneno ya wauzaji. Nipingeni.

Kwato Nne
Nakupinga asubuhi hii hii. Mabedui hawakuhifadhi nasaba kwa ajili ya mnada. Waliihesabu kwa mama, koo za Kuhaylan, Saqlawi, Ubayyan, Hamdani, Hadban, kwa sababu maisha yao yalikuwa juu ya mgongo wa jike. Na sayansi imefuata: mwaka 2010 watafiti walionyesha kuwa jeni ya mayostatini, inayodhibiti ukuaji wa misuli, inatenganisha farasi wa mbio wa Kiingereza wanaofaa mwendo mfupi na wanaofaa mwendo mrefu. Damu inasema, mkuu.

Mleta mada
Jeni hiyo farasi wengi wa Kiarabu wanayo tayari ya upande wa mwendo mrefu. Basi itanisaidiaje kuchagua kati ya majike wawili, wote Waarabu?

Bint Barka
Kaka Kwato Nne, hilo la Kuhaylan tuliache kwenye mashairi. Rudi vizazi kumi nyuma: farasi ana nafasi 1,024 za mababu, na jina la ukoo linatoka kwa bibi mmoja tu kati ya hao. Koo zikishachanganywa, jina linabaki jina.

Lakini na wewe mleta mada umekosea. Chukueni mbio za Tevis Cup za California, maili 100 za milima ndani ya saa 24, tangu 1955. Donna Fitzgerald aliishinda mara sita kati ya 1970 na 1976, farasi yule yule, Witezarif. Ukoo wa farasi huyo unafika kwa Witez II, aliyezaliwa Poland 1938, Wajerumani wakamchukua vitani, Wamarekani wakamkuta 1945. Ukoo mzito, sivyo? Sasa mtafuteni Witezarif kwenye nasaba za farasi wa leo. Hamtamwona popote. Alikuwa amehasiwa.

Hapo ndipo utafiti wa watu wengi unapoharibika. Mbio hizi zimejaa farasi waliohasiwa, na karatasi haziwataji. Zinakuonyesha madume walioachiwa mapumbu yao, mara nyingi kwa sababu ya sura nzuri kwenye maonyesho. Anayetaka kuchimba nasaba aanze na mama: amezaa wangapi, wangapi walikimbia, wangapi walimaliza. Baba mwenye watoto mia tatu hakosi bingwa mmoja wa kutangaza.

Daktari wa Mifugo
Naongeza kidogo. Kwenye kituo cha ukaguzi, tunapompima farasi katikati ya mbio, hakuna anayeuliza baba yako nani. Mapigo ya moyo yashuke hadi 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa, kisha farasi akimbizwe kwa hatamu tuone hatua zake. Wengi wanaotolewa wanatolewa kwa kuchechemea. Umbo la mguu na ugumu wa kwato vinarithiwa, kwa hiyo damu ina sehemu yake, ila unaviona kwa macho. Kama ni jike la kuzalisha, pimeni SCID, ugonjwa wa kinga unaoua watoto wa farasi wa Kiarabu. Pesa ya nasaba itumike hapo kwanza.

Kwato Nne
Nakubali la waliohasiwa, sikuwahi kulifikiria. La Kuhaylan sirudi nyuma.

Mchanga Mwekundu
Mbona hamuulizi mbio zipi? Tevis karibu nusu ya farasi hawamalizi, kwa mawe na miteremko. Huku Ghuba njia ni tambarare, washindi wanapita kilomita 25 kwa saa. Farasi waliumia mno, hadi mwaka 2015 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, likalisimamisha la Emirati, na ubingwa wa dunia wa 2016 ukaondolewa Dubai ukapelekwa Šamorín, Slovakia. Mfupa ukikimbizwa hivyo unavunjika, wa Persik na wa punda wa jirani. Huyo bwana wako anataka kumaliza au kushinda?

Mleta mada
Anasema kumaliza. Akishapanda ndipo tutajua.

Bint Barka, umenishika. Ijumaa nakwenda kijijini kumtazama mama wa huyo wa pili. Wanasema ana miaka 21 na bado anatembea sawasawa. Kwato Nne, nawe niletee majina ya ndugu wa yule wa kwanza, tumbo moja, waliohasiwa. Habari za baba yao ninazo za kutosha.