Wageni Wajerumani wanakuja Tanga Jumamosi, kipeperushi cha Lettow-Vorbeck kimenikwamisha. Naombeni ushauri

#1 MwongozaTanga
Wakuu salaam. Naongoza watalii hapa Tanga mjini na Amani. Jumamosi napokea Wajerumani 22, wengi wao watu wazima sana, wanataka kutembezwa maeneo ya mapigano ya Novemba 1914: Ras Kasone, relini na makaburini. Kinahitajika kipeperushi cha kurasa nne kuhusu Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani hapa kwetu katika Vita Kuu ya Kwanza dhidi ya Waingereza. Swali langu ni dogo tu: ni sahihi kuandika kwamba huyu ni "jenerali ambaye hakuwahi kushindwa"? Kila ninapogusa naona watu wanabishana, usingizi sipati. Na nyuki, wale waliowavamia wanajeshi katikati ya mapigano, niwape nusu ukurasa au ukurasa mzima? Wageni wanapenda sana habari za nyuki. Naomba kuwasilisha.

#2 BombomuKuukuu
Mkuu, anza na cheo. Tanga hakuwa jenerali. Alishuka Dar Januari 1914 akiwa luteni kanali, na umeja jenerali ulimfikia mwishoni mwa 1917, akiwa tayari anafukuzwa kusini. Ukiandika "jenerali alishuka kwenye treni kutoka Moshi" kuna mzee katika hao 22 atacheka chini chini.

Kushindwa sasa. Tanga alishinda kweli: kama watu 1,000 dhidi ya kikosi cha 8,000 kutoka India, mapigano ya tarehe 3 na 4, tarehe 5 Waingereza wakapanda meli zao. Waliacha bunduki 455 na risasi zaidi ya nusu milioni, na hizo ndizo zilizomlisha miezi iliyofuata. Jasin, mpakani kaskazini ya Tanga, Januari 1915, alishinda tena, lakini alichoma risasi kama 200,000 na kupoteza maafisa asioweza kuwapata kwingine, akaona vita vya namna ile hawezi kuvirudia ila mara chache sana. Baada ya hapo ni kurudi nyuma tu. Dar ilichukuliwa tarehe 4 Septemba 1916, Tabora ikaangukia kwa Wabelgiji tarehe 19 mwezi huohuo. Novemba 1917 kundi zima la Tafel, afisa wake, lilisalimu amri kusini likikosa chakula. Yeye mwenyewe alikabidhi silaha Abercorn, leo Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918: maafisa 30, Wajerumani wengine 125, askari 1,168.

Andika "hakukamatwa". Hilo litasimama. "Hakushindwa" litakuangusha kwa mtu anayejua tofauti ya kushinda vita na kukimbia vizuri.

#3 mbonde_asilia
Nyuki wape kurasa zote nne. Katika vita ile ni wao pekee waliopigana bila kulazimishwa, wakamng'ata kila mtu sawasawa, jioni wakarudi kwao.

#4 MkeWaTabibu
Ukiwafikisha Amani usikose kuwaeleza habari ya kwinini, dawa ya malaria, ndiyo siri halisi ya jeshi lile kudumu. Taasisi ya utafiti ya Amani ilikuwepo tangu 1902 na ilikuwa na miti ya sinkona, ambayo magome yake ndiyo hutoa kwinini, kwa hiyo meli za Waingereza zilipofunga bahari, vidonge viliendelea kutengenezwa hapahapa. Usambara ilipopotea 1916, magome yalibebwa na kuchemshwa njiani. Maji yake machungu mno, wanajeshi wakayabatiza jina la pombe kali ya Lettow. Kosa ambalo waongozaji wengi hulifanya ni kusema kwinini iligawiwa kwa wote. Mzungu kwanza, askari baadaye. Mpagazi alikuwa mwisho wa foleni na mara nyingi foleni iliisha kabla hajafika.

#5 Ngomano1917
Mleta mada, kipeperushi chako kina mstari hata mmoja kuhusu wapagazi na chakula? Nauliza kwa sababu bila hivyo vita ile haieleweki. Piga hesabu mwenyewe. Alipovuka Ruvuma tarehe 25 Novemba 1917 kuingia Msumbiji ya Wareno alikuwa na Wazungu kama 300, askari 1,700, wapagazi 3,000. Weka midomo 5,000, wake na watoto wa askari usiwahesabu. Kilo moja ya nafaka kwa kichwa kwa siku ni tani tano, yaani gunia 50 za kilo mia kila jua linapozama. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 27, na yeye mwenyewe anakula kilo moja humohumo. Akitembea siku 13 kwenda na 13 kurudi, mzigo umekwisha tumboni mwake na hajamfikishia mtu kitu. Kwa hiyo jeshi la namna ile halibebi chakula, linakwenda kilipo. Kilipo ni ghala la mwanakijiji.

Daktari wao wenyewe, Ludwig Deppe, aliandika vita vilipokwisha kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa. Aliyeyaandika hayo alikuwemo kwenye msafara.

#6 MwongozaTanga
Ahsanteni wakuu. Cheo nitaangalia. Ila hayo ya wapagazi ni ya huko Ruvuma, mimi mada yangu ni Tanga. Mgeni amelipa aone Tanga. Nikimletea njaa ataona nimemwalika kwenye kesi.

#7 Ngomano1917
"Nitaangalia" maana yake nini? Kipeperushi kimeandikwa au hakijaandikwa? Na aliyeandika ni nani? Weka maneno yenyewe hapa, tusipige ramli.

#8 kiroboto_wa_pongwe
Mtaalamu akijibu "nitaangalia" ujue kimeshachapwa.

#9 MwongozaTanga
Sawa, naweka wazi. Kimeshachapwa, nakala 300. Maneno yalitoka kwa kiongozi wa msafara, mimi nimetafsiri tu. Gharama za uchapaji katoa yeye na malipo yangu ya awali nimepokea. Aya inayonisumbua ni hii ya ukurasa wa tatu: "Wenyeji walimpenda, wakamfuata kwa hiari yao, na mpaka leo wanamkumbuka kama baba. Askari wake wote walilipwa haki yao." Nyingine zote ni nyuki na treni.

Lakini kusema kweli sioni kosa kubwa. Askari walikuwa waaminifu kwake, hilo lipo. Na mshahara bunge la Ujerumani liliwalipa. Mwenye mgeni ndiye mwenye wimbo.

#10 Ngomano1917
Askari waliomfuata wapo, hakuna anayebisha. Ila askari si "wenyeji". Askari alikuwa na bunduki, mshahara wa rupia, mke, na mtoto wa kumbebea bunduki. Kwa mwanakijiji askari huyohuyo ndiye aliyesimamia hamsa ishirini, vile viboko ishirini na tano. Na wengi walibaki na Mjerumani kwa sababu nyuma hakukuwa na pa kurudi: vijiji walivyopita wakichukua mbuzi vilikuwa vinawasubiri. Wapagazi nao waliokotwa njiani na kulindwa usiku wasitoroke. Anayefuata kwa hiari halindwi usiku.

"Walilipwa wote" ni uongo mtupu. Miezi ya mwisho walipewa karatasi za ahadi. 1964, mwaka aliokufa Lettow akiwa na miaka 93, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa waliokuwa bado hai, miaka 46 baada ya vita. Hesabu mwenyewe wangapi walikuwa wameshazikwa.

Na wasifu wake haukuanzia Moshi. 1900 alikuwa China kuzima uasi wa Mabondia. 1904 yuko Namibia katika makao ya Jenerali Lothar von Trotha, akiwa msaidizi wake. Baada ya mapigano ya Waterberg, Waherero, wenyeji wa huko walioasi, walisukumwa jangwani Omaheke, visima vikawekewa walinzi, na tarehe 2 Oktoba 1904 ikatoka amri kwamba kila Mherero atakayekutwa ndani ya mipaka, awe na bunduki au hana, apigwe risasi. Mei 2021 serikali ya Ujerumani yenyewe ilikiri kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari. Huyo ndiye "baba" wa ukurasa wa tatu. Kule kwao, Hannover na kwingine, mitaa iliyobeba jina lake imeshabadilishwa, wewe unamrudishia huku kwa karatasi ya kung'aa.

#11 mbonde_asilia
Na Majimaji je? Si yeye?

#12 BombomuKuukuu
Si yeye. Majimaji ni 1905 hadi 1907, gavana alikuwa Götzen. Lettow wakati huo yuko Namibia, 1906 akajeruhiwa jicho akiwakimbiza watu wa Morenga, kiongozi wa waasi wa huko. Kuchanganya hayo mawili ndilo kosa la kwanza la vipeperushi vyote. Ila dawa ya kuunguza mashamba ili watu washikwe na njaa ilijaribiwa kwenye Majimaji kabla hajafika, hivyo jeshi alilolikuta Dar lilikuwa linaijua kazi.

#13 MzeeWaBusara_Korogwe
Kijana, pesa ya mgeni ni tamu lakini jina la mtu haliuzwi kwa nauli. Rudisha pesa, chana karatasi, lala usingizi.

#14 kiroboto_wa_pongwe
Shikamoo mzee. Pesa ya awali kwa mwongozaji hukaa mfukoni saa mbili. Hiyo imeshakuwa unga na kodi ya nyumba.

#15 MchunguziHuru
Samahanini, nawakatisha. Hii ni chai. Someni tena pole pole. Wageni ni Wajerumani 22. Kipeperushi kilikuja kwa Kijerumani. Yeye "ametafsiri". Katafsiri kwa Kiswahili, maneno ameyaweka hapo juu kwa Kiswahili. Mjerumani gani wa miaka 75 anatembea Tanga na kipeperushi cha Kiswahili? Na nakala 300 kwa watu 22, kila mmoja 13 na zinabaki? Hapa kuna mwanafunzi anataka tumfanyie kazi ya chuo, na mabingwa wa vita mmeingia kichwa kichwa. Uzi wa namna hii bila picha haunywewi hata kwa sukari.

#16 BombomuKuukuu
Kweli bwana. Hesabu hiyo ilinipita. Mleta mada, jibu.

#17 kiroboto_wa_pongwe
Kimya. Anatafuta mitungi ya kumwagia chai.

#18 MwongozaTanga
Si chai. Sikutaka kusema kwa sababu ndicho kinachoniumiza. Nakala si za wageni. Ni za wanafunzi. Kuna shule ya msingi, darasa la sita na la saba, watakuja makaburini kuimba, wageni watatoa madaftari na kila mtoto atapewa kipeperushi aende nacho nyumbani. Mwalimu mkuu amekubali, mimi ndiye niliyepanga. Picha ya boksi hii hapa, jalada linaonekana. [picha imeambatishwa]

Msinishambulie. Watoto wanapata madaftari.

#19 MkeWaTabibu
Kumbe. Basi swali lako la nyuki lilikuwa la kutupotezea njia.

#20 Ngomano1917
Hapo sasa siulizi tena kama ni chai. Mgeni mzee angesoma akatupa kikapuni. Mtoto wa darasa la saba atakariri.

#21 BombomuKuukuu
Nimekuza picha ya jalada. Mkuu, huyo mliyemweka mbele, mwenye bunduki na singe, si askari wa Lettow. Hiyo ni sanamu ya Askari ya Dar es Salaam. Ilizinduliwa 1927 na Waingereza, kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa upande wao, waliopigana dhidi ya huyohuyo mnayemsifu ndani. Mmemchapa adui yake kwenye jalada lake.

#22 mbonde_asilia
Nimelala chini. Hata nyuki hawakuumiza hivi.

#23 MchunguziHuru
Naondoa neno chai. Mtunga chai angetafuta picha sahihi.

#24 MwongozaTanga
Siwezi kuchapa upya, pesa hakuna na leo ni Jumatano. Nifanyeje?

#25 MkeWaTabibu
Stika. Usitumie gundi ya maji, karatasi ya kung'aa hainywi gundi, itajikunja na usiku watoto watabandua waone kilichofichwa. Nunua karatasi za stika za A4, zile nyeupe zisizoonyesha chini, ukipata za kuonyesha maneno ya zamani yataonekana. Stika ya sentimita 10 kwa 4 zinatoka 14 kwa karatasi moja, safu mbili za saba. Nakala 300 ni karatasi 22, chukua 25, tatu za kuharibika. Maandishi ukubwa wa pointi 9, mistari minane inaingia. Kata kwa rula na wembe, mkasi hupinda. Za jalada kata nyembamba: "Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, 1927. Ukumbusho wa askari na wapagazi Waafrika wa upande wa Waingereza." Watu wawili, jioni mbili, zinaisha.

#26 Ngomano1917
Maneno haya hapa, nimeyabana:

"Lettow-Vorbeck (1870–1964) alitumika chini ya Trotha huko Namibia, 1904. Tanga, Novemba 1914, askari wake, wengi wao Waafrika, waliwashinda Waingereza. Baadaye jeshi lake, kama majeshi ya wapinzani wake, lilichukua chakula cha wanavijiji na kukamata wapagazi. Ugogo, njaa ya Mtunya ya 1917–1920 iliua watu wapatao 30,000. Alikabidhi silaha Abercorn, 25 Novemba 1918."

Mtunya usiutoe. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka wakirudi nyuma, Waingereza wakachukua kilichobaki pamoja na wanaume wa kulima, kisha mvua ikagoma. Mmoja kati ya kila Wagogo watano. Mtoto akiuliza "wapagazi ni nani", mwambie Kariakoo ya Dar imepata jina kwao. Hapo ataelewa.

#27 MwongozaTanga
Kiongozi wa msafara akiona je?

#28 BombomuKuukuu
Hasomi Kiswahili, ndiyo maana alikuhitaji. Akiuliza, msomee. Hakuna neno hapo ambalo nchi yake inalikana.

#29 MwongozaTanga
Nimeshika rula. Aya ya upendo ina urefu wa sentimita mbili tu. Stika ya sentimita nne itafunika na nusu ya nyuki. Nikitoa sentensi ya Mtunya inaenea vizuri.

#30 Ngomano1917
Funika nyuki.