Kikundi: FAMILIA YA KOKO BIRERE 🙏

*Jumanne*

07:12 Tantine Neema: Bwana asifiwe familia. Jumamosi ni doti, ile mahari ya Amani, kule Bukavu. Tuko batu 26 humu ndani, wenye wametoa ni 4. Saa kumi na mbili ya jioni nafunga liste ya michango. Kanoti rapidi, ile boti ya mbio ya Ijumaa, haingojei mutu.

07:13 Tantine Neema: Amani ameandika toka kwa boti ya tanga, katikati ya Atlantiki. Ile satelaiti inakatakata, nimeunga vipande. Musome YOTE:

"Tantine, niko muzima. Tangu Las Palmas upepo ulikuwa mugongoni, sasa umelala. Zimebaki maili 600 mpaka Saint Lucia. Zamani tulikuwa tunapiga 140 kwa siku, jana hata 60 hatukufika. Mafuta ni ya kuchaji batri na kuingia bandarini, haitoshi kuvuka bahari. Zamu ni masaa tatu tatu, muchana na usiku. Koko, muzee wetu, akiamka saa kumi na mbili, huku ni saa saba ya usiku, niko peke yangu kwa usukani, kamba kifuani, sababu ukianguka usiku hakuna mwenye atakuona. Tunaoga maji ya chumvi, kikombe kimoja cha maji tamu cha kusuuza. Jiko inaning'inia, boti ikilala upande yenyewe inabaki wima, lakini uji bado ilinimwangikia muguu. Mayai nayageuza kila mara yasioze. Mukungu wa ndizi uliiva wote siku moja, tulikula ndizi mpaka tukachukia. Asubuhi tunaokota samaki wenye kuruka, wameingia kwa boti wenyewe. Jumamosi musiningoje kwa simu."

09:40 Dedé: Na bale samaki banaruka banaingia kwa boti benyewe? Baje bafundishe sambaza, bale badogo ba hapa Ziwa Kivu 😂

09:41 Yves: Huku mutu anakesha na taa ziwani, anavuta nyavu mpaka asubuhi. Yeye anaamka anaokota 😂😂

09:43 Tantine Neema: NIMESEMA DOTI. Sikusema sambaza.

11:20 Papa Esther: Mimi nitatoa. Ila kwanza ile michango ya mabati, kisha ya volkano, nani alijibu pesa ilienda wapi?

11:22 Tantine Neema: Ya 2021 ndiyo unaleta hapa leo?

11:22 Papa Esther: Nimeuliza tu.

11:31 Maman Esther: Papa Esther, kuja kwanza hapa nje.

13:05 Bahati: Nani atamusemea? Wakiuliza muoaji iko wapi, tuwaonyeshe picha ya maji?

13:07 Tantine Neema: Weye njo mukubwa wake. Utasema weye.

13:09 Bahati: Tangu ile boti ilizama Oktoba 2024 pale bandari ya Kituku, sipandi kitu kama sijavaa jile ya kuelea. Na iwe muchana.

13:10 Tantine Neema: Ni muchana Bahati. Jile ziko.

13:26 Dedé: Amani yeye amefungwa na kamba, tonton Bahati atafungwa na nini 😂

16:48 Esther: Nimemusomea Koko ujumbe wa Amani. Akaniambia niandike vile vile: "Mutoto angali juu ya maji. Hatuendi kuomba mutoto wa watu na wa kwetu hatujui amelala wapi. Akanyage udongo, anipigie, nisikie sauti yake. Kisha muende. Na habari ya mabati nisiisikie tena."

17:30 Tantine Neema: Koko tumesikia 🙏 Lakini kule Bukavu kasiksi, ile pombe ya ndizi, imeshapikwa. Kasiksi haina subira.

17:52 Bahati: Neno la Koko ni neno.

17:53 Tantine Neema: Sikatai. Nauliza nani atawapigia wale watu. Mimi NDIYE niliwapa tarehe, mimi sipigi.

17:58 Yves: Upepo ukirudi kesho?

17:59 Tantine Neema: Hata ukirudi, maili 600 ni siku nne na zaidi. Nimehesabu. Bahati, utapiga?

18:20 Tantine Neema: Bahati naona umesoma.

18:41 Tantine Neema: Liste siifungi leo. Wenye walitoa, pesa iko kwangu. Siirudishi, simaanishi imeliwa.

20:15 Papa Esther: Nimetuma dola 20. Iandikwe.

21:40 Mama Riziki: Bwana asifiwe. Hatukukuwa na umeme. Ijumaa tunakutana bandarini saa ngapi?